Boti ya Kilo Hamsini na Nane

Boanamary, 14 Januari 1980

Mpwa wangu Tadjiddine,

Salamu zikufikie huko Marodoka na zikukute mzima. Sisi tu wazima. Mkaza mjomba wako Echata amebakiwa na meno mawili ya mbele na bado anacheka kuliko sisi wenye meno yote. Mbuzi amezaa mapacha. Mvua imekata njia ya kwenda Mahajanga mara mbili wiki hii, kila mtu anataka kuvushwa kwa maji, na namshukuru Mungu kwa injini yangu.

Injini hiyo ndiyo ninayokutumia. Imo ndani ya masanduku matatu, anayo Chaehoi, baharia wa meli ya mizigo. Usimpe chai mpaka uhesabu masanduku.

Habari ya harusi yako na Hayrat tuliipata, tukasoma Fatiha, Echata akalia kidogo. Nakuandikia kwa Kiswahili cha barua, kama marehemu babu yako alivyotuzoesha, kwa sababu hapa wote wanasoma Kimalagasi na Kifaransa na wanapenda sana kujua ya watu.

Sasa jambo lenyewe. Umesema tarehe 26 Juni kutakuwa na mashindano ya boti za injini hapo Hell-Ville, na kwamba wafanyabiashara watatoa injini mpya ya nguvu za farasi hamsini na tano kwa mshindi. Ukishinda, mpya itakuwa yako, uanze kuvusha abiria kwenda Ankify, na hii yangu itanirudia. Ukishindwa, sitaki kufikiria. Miaka ishirini na miwili nachora boti za mbio na hapana hata moja iliyopata kuelea. Mahajanga wananiita Fundi Karatasi, na wanaoniita hivyo nawavusha kila siku.

Mchoro ni huu. Urefu mita tatu na robo tatu, mbao nyembamba za kugandishwa. Theluthi ya nyuma chini yake iwe bapa kama meza. Ukiweka rula na mwanga ukapita, toa, anza upya. Boti ya namna hii haiogelei, inateleza juu ya maji kwa sehemu ndogo ya makalio yake, kwa hiyo kila kilo ina mahali pake. Alama ya msalaba ndipo utakapopiga magoti. Nimepiga hesabu zote kwa kilo hamsini na nane, uzito wako siku ile nilipokupandisha kwenye mizani ya bandari ili mama yako acheke kabla ya kupanda meli. Mwaka ule wa damu, watu wetu walipokimbia Mahajanga, hatuutaji, lakini kilo nilizikumbuka.

Mjomba wako,
Boinali


Marodoka, 25 Februari 1980

Mjomba wangu mpendwa,

Kwezi kwako na kwezi kwa mkaza mjomba, nainamisha kichwa niitikiwe na nyote wawili. Hayrat anawasalimu. Mama mkwe Hadjira anawasalimu zaidi, na ameniagiza nikuandikie kwamba mkwe wake anatunzwa.

Ananitunza kweli. Fungate yangu ilikuwa ya siku saba, kama kawaida. Siku ya nane dada mkubwa wa mama mkwe akasema hakupata zamu ya kuleta chakula, ati alikuwa Ambanja. Akapewa siku tatu. Nyumba ya pili wakauliza wao wamekosa nini. Marodoka, mjomba, ina nyumba nyingi za ukoo huu kuliko nilivyoambiwa wakati wa posa, na kila moja ina mpishi anayetaka kujua kama nimependa. Nyumba ninayolala ni ya Hayrat, amejengewa na mama yake, mimi ni mgeni ndani yake. Nitaanzaje kusukuma sahani? Asubuhi mkate wa sinia, mchana kuku wa nazi, jioni mataba ya majani ya muhogo na wali, na kabla ya kulala samli kidogo kwa ajili ya kifua.

Masanduku matatu yamefika. Boti nimeimaliza. Rula nimeweka, mwanga haukupita. Jana tuliishusha majini mbele ya watu wote. Nilipiga magoti kwenye msalaba wako, nikawasha. Boti ikainua pua ikatazama mbingu na haikutaka kushuka. Nilipoongeza moto ikaanza kurukaruka: pua juu, pua chini, juu, chini. Wanawake waliokuwa wakifua walisema wameona vyombo vingi lakini hiki ni cha kwanza kinachorukuu na kusujudu. Fahardine, yule mwenye duka la vitambaa ambaye ameagiza boti kutoka ng'ambo, aliniuliza kwa upole kama nimekwisha kuswali.

Kuhusu uzito, usihofu. Mimi ni yuleyule.

Mpwa wako,
Tadjiddine


Boanamary, 19 Machi 1980

Mpwa wangu,

Salamu nyingi na kwa wakwe zako pia. Pacha mmoja wa mbuzi amekufa, mwingine anakula kamba. Kazi hapa si haba, watu wanavuka, usiulize habari ya kazi.

Barua yako nimeisoma mara nne. Pua ikipanda hivyo, maana yake nyuma kumelemewa, au injini imelala vibaya. Kwa kuwa wewe ni yuleyule, basi kosa ni la injini. Fanya hivi. Kwanza, chonga kabari ya mti mgumu, nene kama kidole gumba, uitie kati ya injini na ubao wa nyuma ili rafadha isukume maji kuelekea chini kidogo, pua itashuka. Pili, shusha injini nusu kidole. Tatu, hamisha tangi la petroli, lipeleke mbele kabisa. Nne, na hii ndiyo dawa ya uhakika, funga gunia la mchele la kilo thelathini ndani ya pua. Mchele ni bora kuliko mawe kwa sababu unajilaza, hautoboi mbao. Najua mchele umekuwa adimu. Huu nimeupata kwa njia ambayo Echata bado hajanisamehe. Chaehoi anao.

Nilimuuliza Chaehoi hali yako. Akasema, "Mashallah." Nikamuuliza mashallah ya namna gani, akasema ana kazi ya kupakua.

Mjomba wako,
Boinali


Marodoka, 16 Aprili 1980

Mjomba wangu,

Kwezi. Tuna habari njema, Hayrat ana mimba, tunatarajia mwezi wa kumi. Kwa sababu hiyo nyumba zote zimeanza upya kuleta chakula, safari hii kwa ajili ya mama mtarajiwa. Yeye kila akinusa samli anakimbia nje, na sahani haiwezi kurudi ikiwa imejaa. Unaelewa ni nani anayebaki nayo.

Kabari nimetia. Injini nimeshusha. Tangi liko mbele. Pua ilishuka kiasi cha kutia matumaini.

Kuhusu mchele. Niliufunga ndani ya pua kama ulivyosema, nikaifunika boti. Mama mkwe alikuja kuiombea dua, akaona gunia. Akadhani ni zawadi niliyomletea nikaona haya kuitoa mbele za watu. Mjomba, alilia. Alisema tangu mchele uanze kupimwa kwa vikombe dukani, hapana mkwe yeyote wa Marodoka aliyefanya jambo kama hili. Ningemwambia nini, kwamba ni wa kulemea boti? Akaupika kwa siku tisa, na kwa heshima yangu kila siku aliniweka mbele ya sinia akakaa kunitazama.

Kwa hiyo mchele upo, mjomba, ila hauko tena mbele.

Majaribio ya jana hayakuwa mazuri. Boti haikurukaruka, maana haikunyanyuka kabisa. Ilikwenda kama mtu anayetembea ndani ya maji amebeba kabati. Fahardine alipita, akazunguka, akapita tena.

Tadjiddine


Boanamary, 12 Mei 1980

Tadjiddine,

Salamu. Mungu awape mtoto mzima.

Sijalala vizuri tangu barua yako. Nimetoa michoro yote, ya miaka yote, nimeitandaza sakafuni, Echata anatembea pembeni. Nimepiga hesabu upya. Hesabu inasema kwamba boti ile, na injini ile, na mtu wa kilo hamsini na nane, lazima inyanyuke ndani ya pumzi tano na ikae juu ya maji kama sahani. Wewe unasema haikunyanyuka. Basi moja kati ya mambo mawili: ama hesabu yangu ni ya uongo, ama maji ya Nosy Be si maji.

Nimekubali kwamba ni hesabu. Nimechora uongo kwa miaka ishirini na miwili na wanaoniita Fundi Karatasi walijua kabla yangu. Ijumaa nilichoma mchoro wa kwanza. Nimebakiza thelathini na moja. Nitakuwa nachoma mmoja kila Ijumaa baada ya swala, ili nisifanye kwa hasira.

Usijisumbue na mashindano. Mpe mtu boti atilie maji ya kuku.

Boinali


Marodoka, 29 Mei 1980

Mjomba wangu, baba yangu,

Kwezi, na safari hii nainama mpaka chini. Kabla ya salamu za mtu mwingine yeyote, nakuomba usichome chochote. Kama barua hii itakufikia Ijumaa, weka kiberiti mbali kisha usome.

Hesabu yako ni ya kweli. Mimi ndiye niliyesema uongo.

Jana nilikwenda kwenye kiwanda cha mafuta ya mlangilangi, ambako wanapima maua ya wachumaji. Nilipanda mizani. Mpimaji akaweka mawe, akaongeza, akaniangalia, akaenda kuazima mawe mengine. Ni kilo tisini na tatu. Wakati wa harusi nilikuwa sitini na moja.

Nilitaka kukuambia tangu Februari. Kila nilipofika kwenye neno hilo nilikumbuka siku ile bandarini, jinsi ulivyosukuma vyuma vya mizani na mama akacheka, na jinsi ulivyobaki gatini peke yako huku sisi tukiondoka. Umeishi miaka mitatu ukinibeba kichwani kwa uzito ule. Niliona aibu kukuambia kwamba aliyeondoka na mfuko mmoja amenenepa huku nyuma yako. Nikasema fungate itakwisha, nitapungua, utakuwa kama si uongo. Haikwisha.

Sina mtu wa kuendesha. Hayrat ana mimba. Ndugu zake wote wamelelewa na mama yuleyule. Niambie nikate boti niirefushe, nitaikata.

Mpwa wako asiyestahili,
Tadjiddine, kilo 93


SIMU YA MAANDISHI
Mahajanga, 11 Juni 1980

USIKATE BOTI. USILE. NAKUJA NA CHAEHOI. BOINALI


Marodoka, 5 Julai 1980

Mjomba wangu mpendwa,

Kwezi kwako na kwa mkaza mjomba. Uliondoka alfajiri ya tarehe 27 bila kuaga na bila kunywa chai, na mama mkwe mpaka leo anasimama mlangoni na kile kikombe. Nimengoja barua yako. Haikuja, basi nimetangulia mimi.

Kwanza niseme ambalo sikulisema ulipoteremka melini. Sikukutambua. Nilimtafuta mjomba wangu nyuma ya yule mzee mwembamba aliyefunga mkanda kwa kamba, mpaka yule mzee akaniita jina langu. Tulipokwenda kwenye mizani ya mlangilangi ukatoka kilo hamsini na sita, ukafurahi kama umepewa cheo. Mimi nilitazama viganja vyako. "Kazi si haba," uliniandikia. Tangu Januari umekuwa ukiwavusha watu wa Boanamary kwa kasia, mtu wa miaka sitini na moja, na injini yako iko kwangu inalemewa na wali. Sikusema neno kwa sababu ungekana. Nasema sasa kwa sababu uko mbali.

Pili, nadhani hujui kilichotokea jikoni. Mama mkwe alipoona ulivyokonda alitangaza msiba. Kwa siku mbili kabla ya mashindano zililetwa sahani kumi na tisa kwa jina lako. Ulidhani ziliishia wapi? Kila ulipokwenda kutazama kabari zako, nilikuwa nyuma ya choo na sahani mkononi. Nilikula kwa niaba yako ili ubaki hamsini na sita. Hilo ndilo lililokuwa pigano langu, na nililishinda.

Sasa mashindano. Wewe ulikuwa ndani ya boti, hukujiona. Ngoja nikueleze tulivyoona sisi tulio gatini.

Boti zilikuwa tano. Ulipiga magoti kwenye msalaba, kofia umeifunga kidevuni kwa uzi wa Hayrat. Watu walicheka, Fahardine akakuuliza kama unajua breki ziko wapi. Bendera iliposhuka, pua yako ilipanda nikafumba macho. Nikahesabu pumzi. Nilipofika nne, mlio wa injini ukabadilika. Nilifumbua macho, boti imelala juu ya maji, imetulia, hairuki, haiyumbi, hakuna kilichogusa bahari ila kipande cha nyuma kisichozidi upana wa mkeka. Mjomba, ilikuwa kama ulivyoichora. Nilikuwa nimeishi nayo miezi minne sikuwahi kuiona. Kwenye boya la kwanza ulimpita Fahardine. Kwenye mzunguko wa tatu ulikuwa karibu kumpita tena. Nililia mbele ya wakwe zangu na sikujali.

Ulikata mstari wa mwisho, honi ikapigwa, watu wakapiga vigelegele, mama mkwe akainua sufuria. Ukapita.

Asubuhi kamati walikuwa wametangaza kwamba honi ya kwanza ni mwisho wa mbio, na mshindi asipofunga kamba gatini kabla ya honi ya tatu atahesabiwa ameacha mashindano. Tulisema unageuza tu. Ukazunguka maboya yote mara nyingine. Honi ya pili. Ukapita mbele yetu karibu kabisa, nikakupungia kwa mikono miwili, nikapungia kwa shuka. Honi ya tatu. Ukaelekea Nosy Komba. Tulikuona ukiwa mdogo, kisha tukausikia mlio tu, kisha mlio ukakatika, petroli imekwisha. Fahardine ndiye aliyekwenda kukuvuta kwa kamba. Alirudi nawe nyuma yake, akafunga gatini, akapewa injini ya farasi hamsini na tano. Naye, kusema kweli, aliipokea kwa haya.

Usijilaumu. Injini ile ina kelele, na mtu akiwa juu yake hasikii hata adhana. Watu wa hapa wanasema mzee ni mzito wa masikio, nimewaacha waseme hivyo, ni heshima kuliko mengine. Wote wanajua nani alifika kwanza. Mimi nimepata kibarua kiwandani kwenye maua, si mbaya, ni karibu na mizani.

Injini yako nimempa Chaehoi, masanduku matatu. Usimpe chai mpaka uhesabu.

Mpwa wako,
Tadjiddine, kilo 97


Boanamary, 1 Agosti 1980

Mpwa wangu Tadjiddine,

Salamu za mwezi mtukufu. Mungu apokee funga yako na ya Hayrat kwa anavyoweza, na ampe mama mkwe wako subira ya kungoja magharibi. Echata amepoteza jino moja kati ya yale mawili, limeng'oka kwa tende. Mbuzi amekula nusu ya mchoro wa kumi na nane, nimemwacha. Kuchoma nimeacha, nilikuwa nimechoma mitano.

Masanduku nimeyahesabu, yalikuwa matatu. Sikuyafungua. Chaehoi anayarudisha kwako kwa meli hiihii yenye barua. Mtoto anakuja mwezi wa kumi, na baba yake hawezi kuvusha watu kwenda Ankify kwa maua. Mimi kasia nimeshalizoea, na Echata anasema nimekuwa kijana. Usiniandikie kwamba hapana, ukiyarudisha tena sitayafungua.

Usidhani ni ukarimu. Sikiliza sababu, maana ndiyo iliyonifanya niondoke bila chai.

Kabla hujazaliwa nilifanya kazi kwenye karakana ya Mzungu mmoja bandarini aliyekuwa akishindana kila Jumapili. Mimi ndiye niliyempangia injini, niliyempunguzia mbao, niliyemwambia apige magoti wapi. Siku moja nilimwomba anipe mzunguko mmoja tu. Akasema nitaichafua. Jioni ile nilianza kuchora. Michoro yote thelathini na miwili nimeipiga hesabu kwa kichwa, Tadjiddine. Sikuwahi kupiga magoti ndani ya boti ya mbio hata siku moja, mpaka tarehe 26 Juni.

Wewe, kwa wema wako, umewaambia watu kwamba sikusikia. Waambie mjomba wako si kiziwi. Honi ya kwanza niliisikia, nikasema nageuza tu. Ya pili niliisikia, na wewe nilikuona na shuka lako. Nikakumbuka injini mpya, nikakumbuka Hayrat na tumbo lake, nikaweka mkono kwenye mpini wa moto nipunguze. Mkono ukaongeza. Ya tatu niliisikia vizuri kuliko zote. Nilijua kabisa kwamba kuanzia pale nakula riziki yako, na nikaendelea kula mpaka petroli ikaniokoa.

Nakuomba radhi, wewe na mkeo na huyo anayekuja. Uninyime au unipe, ni haki yako. Ila tumekwisha kudanganyana vya kutosha mwaka huu, kwa hiyo nakuandikia kweli yote: honi ikipigwa tena leo, nitapita tena.

Mjomba wako,
Boinali